Kasha Lililokaushwa Pamoja na Mbegu

Kazi niliyoifanya kwa sehemu kubwa ya maisha yangu haina jina la mkato kwa Kiswahili, na nimechoka kuisikia ikielezwa vibaya misibani na harusini. Mmoja husema nilikuwa fundi redio. Mwingine, ambaye hajawahi kuniuliza, huwaambia watu kwamba nilitengeneza kompyuta. Ukweli ni kwamba nilisanifu saketi ndogo za kasi kubwa zinazokaa kwenye ncha za mkongo wa mawasiliano, na kwa miaka mingi zaidi nilisanifu makasha ya kuziwekea. Ujumbe husafiri ndani ya uzi wa kioo ukiwa mwanga. Mwishoni mwa uzi, mwanga huo huangukia kipokezi kinachoubadilisha kuwa mkondo wa umeme, mkondo hafifu mno, na hapo chipu yenye ukubwa wa punje ya ulezi huupokea na kuukuza ili mashine nyingine ziweze kuusoma. Chipu hiyo haiwezi kuachwa uchi. Huwekwa ndani ya kasha la chuma, ikaunganishwa kwa nyuzi za dhahabu nyembamba kuliko unywele, kisha ikafunikwa.

Vijana wengi wa fani hii hulichukulia kasha kama gunia la kahawa: kitu cha kubebea, kisicho na lolote la kusema juu ya kilichomo. Kwa kasi ndogo wana haki. Kwa kasi ya mkongo, kasha ni nusu ya saketi. Urefu wa uzi wa dhahabu, kona ya njia ya umeme, hata hewa iliyofungiwa chini ya kifuniko, vyote hushiriki katika kazi, viwe vimealikwa au havikualikwa.

Nilipostaafu ughaibuni nilirudi kwenye kihamba cha baba yangu, yaani shamba la ukoo lenye makazi, juu ya mji wa Moshi, mahali ambapo migomba na kahawa huanza kuwa minene na hewa ya asubuhi huhitaji sweta. Chumba kimoja cha nyumba nimekifanya cha kazi. Kina meza nzito, darubini ya macho mawili na mita kadhaa za zamani ambazo usahihi wake naujua kwa sababu nimeukagua mwenyewe. Sina vyombo vya kupimia ishara za kasi ya mkongo. Vyombo hivyo vina bei ya kujengea kanisa.

Katika ukoo wetu ni mtu mmoja tu aliyeifuata kazi hii: binti wa marehemu mdogo wangu, ambaye kwa desturi zetu ni mwanangu. Anafanya kazi nje, kwenye kampuni ambayo sina haja ya kuitaja, na huko ndiye aliyesanifu chipu mpya ya kupokelea mwanga. Mama yake, shemeji yangu, anaishi ng'ambo ya mfongo, yaani mfereji wa maji unaopita kati ya vihamba vyetu. Tunasikiana tukikohoa.

Desemba hiyo binti alirudi nyumbani, kama wanavyorudi watu wote wa mlimani, barabara ikijaa magari na nyumba zilizofungwa mwaka mzima zikifunguliwa madirisha. Alikuja kunisalimu jioni ile ile aliyofika.

"Shikamoo, Baba mkubwa."

"Marahaba. Umekonda."

"Ni baridi ya kule."

"Baridi haimkondeshi mtu. Kaa."

Alikaa, akaitazama meza yangu, akasema, "Chipu yangu inakufa."

Nilimtaka anieleze kwa utaratibu. Chipu ikiwa wazi, ikipimwa kwa sindano za maabara, ilifanya kazi kama alivyokusudia. Ikishafungwa ndani ya kasha, ishara ilivurugika na kasha likapata moto. Kampuni ya ufungashaji, ambayo ni nyingine, ilikuwa imesema kwamba muundo wa chipu hauhimili joto. Maneno hayo yalitoka ofisi moja yakaingia nyingine, na sasa kila mtu aliyasema kana kwamba ameyaona.

"Aliyesema hivyo alipima nini?" nikauliza.

"Joto la kasha."

"Alilipima kabla ishara haijavurugika au baada ya kuvurugika?"

"Sijui."

"Basi wewe hujui, na wao hawajui. Tofauti ni kwamba wao wameandika."

"Baba mkubwa, tafadhali, usinitanie. Ofisi ikifunguliwa baada ya sikukuu nitatakiwa kusaini kwamba chipu iachwe. Nikisaini, kikundi changu kinavunjwa. Mimi watanihamishia kwenye kuandika maelekezo ya matumizi."

Sikuwa namtania. Homa ni dalili. Mtu mwenye homa hatumwambii kwamba anaumwa joto. Lakini niliona kwamba alikuwa ameyasikia maneno ya wengine mara nyingi kiasi cha kuanza kuyaamini, na hilo lilinisikitisha kuliko kukonda kwake. Akaniambia kwamba, kwa idhini ya mkuu wake, amekuja na makasha manne yaliyofungwa, ili niyatazame baada ya Krismasi. Ameyaacha kwa mama yake.

Krismasi ilipita kama inavyopita kwetu. Tulienda ibadani, matarumbeta yakapigwa, tukala mtori wa ndizi na nyama kwa shemeji hadi wageni wakashindwa kuinuka. Asubuhi iliyofuata nilisikia kilio ng'ambo ya mfongo. Si kilio cha msiba, bali kile cha mtu mwenye hasira na mwenye adabu kwa pamoja. Muda mfupi baadaye wakaingia wote wawili uani kwangu, binti akiwa amekumbatia boksi la plastiki, mama yake akimfuata na khanga begani.

"Meku," shemeji akaniita, kama anavyowaita wazee anaotaka wamtetee, "mwanangu analia. Niambie nimeua nini."

"Ameyaweka jikoni, Baba mkubwa! Juu ya moto!"

"Sikuweka juu ya moto. Nimeweka darini."

Ni lazima nieleze. Shemeji ana jiko la gesi ndani, lakini sikukuu hupikwa kwenye jiko la kuni lililo nje. Juu ya mafiga kuna dari ya miti ambapo mahindi ya mbegu hukaushwa, yasishambuliwe na wadudu wala ukungu. Kwa mwanamke wa mlimani, hakuna mahali pa heshima zaidi pa kuhifadhia kitu.

"Aliniambia mwenyewe," shemeji akaendelea, "'Mama, hivi ni vya thamani kuliko gari, visipate unyevu.' Sasa mwezi huu kitu kisichotaka unyevu nikiweke wapi? Kabatini viatu vya marehemu vimeota ukungu. Nikaviweka na mbegu zangu. Mbona mbegu hazijalalamika?"

"Mama, mbegu hazina gundi!"

Nilichukua boksi. Lilinuka moshi, na moto wa siku mbili za mapishi ulikuwa umelipasha vya kutosha, lakini halikuyeyuka popote. Ndani yake, makasha manne yalikuwa yamekaa kwenye sponji jeusi, kila moja dogo kuliko kiberiti. Matatu yalikuwa yamefungwa kama yalivyotoka kiwandani. La nne lilikuwa limefunguka. Gundi ya majaribio iliyoshika kifuniko chake ilikuwa imelainika, na kifuniko kikateleza upande.

"Hili limekufa," binti akasema.

"Umelipima?"

"Limekaa juu ya moto, Baba mkubwa."

"Nimeuliza kama umelipima."

Shemeji akaguna. "Na wewe, mtoto amechanganyikiwa, unamuuliza maswali ya shule."

Niliweka kasha chini ya darubini. Nyuzi za dhahabu zilikuwa mahali pake, kila moja ikiwa na upinde wake. Hapakuwa na masizi. Boksi lilifungwa vizuri. Nilimpisha binti atazame mwenyewe, kwa sababu sikutaka aamini macho yangu. Alitazama kwa muda mrefu, akasema nyuzi ni nzima. Alipoinua kichwa alikuwa ameacha kulia.

Kupima kasi hatungeweza. Lakini kuna jambo ambalo mita ya kawaida inaweza kulisema. Saketi ya kukuza ishara inapotulia hula kiasi fulani cha mkondo kutoka kwenye betri, na msanifu anakijua kiasi hicho. Ikianza kutetema yenyewe bila kutumwa, ulaji wake hubadilika. Umeme wa nguzo mlimani hupanda na kushuka, kwa hiyo nilitaka betri mpya. Tulishuka mjini, kwenye duka la mzee mmoja ninayemfahamu, ambaye babu zake walifika Moshi na reli.

"Shikamoo, mzee mwenzangu," akanitania, maana tunalingana umri. "Gari limegoma?"

"Sina gari."

"Basi betri hii inawasha nini?"

"Kitu kama punje ya ulezi," binti akajibu.

Muuza duka akamtazama, akanitazama, akaigonga ile betri kwa kiganja. "Ninyi Wachagga mkirudi Desemba mnakuja na mambo. Punje ya ulezi! Mwaka kesho mtataka trekta la kukamulia ndizi."

"Mimi sikurudi," nikamwambia. "Ninakaa hapa." Binti alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu afike.

Mchana huo tulianza na kasha lililofunguka. Nilipitisha umeme wa betri kwenye kidhibiti, kisha kwenye mita ya mshale, maana mshale huonyesha tabia ambayo tarakimu huificha. Binti akaunganisha. Mshale ulipanda, ukafika mahali alipotarajia, ukatulia. Tulisubiri. Ulibaki pale pale. Chipu iliyosemwa kuwa haihimili joto ilikuwa imelala juu ya moto wa Krismasi, na sasa ilikula mkondo wake kwa adabu kama mgeni wa kwanza mezani.

Tukaunganisha moja lililofungwa. Mshale ulipanda, ukagusa pale pale, halafu ukaruka juu na kucheza-cheza. Nilimwambia aweke kidole juu ya kasha na aniambie kila anachokisikia.

"Baridi," akasema. Tukangoja, mshale ukiwa bado juu. "Baridi. Baridi... sasa linaanza kuwa vuguvugu."

"Kipi kimetangulia?"

"Mkondo." Alikaa kitini polepole. "Mkondo umetangulia. Joto limefuata. Baba mkubwa, ni kifuniko!"

"Pengine. Una kasha moja wazi, na huenda linatofautiana na mengine kwa sababu nyingine usiyoijua. Mbuzi mmoja si zizi. Fungua la pili."

Hapo alisita, na nilimwelewa. Mkataba wa kampuni ya ufungashaji ulisema kasha likifunguliwa halirudishwi, wala malalamiko juu yake hayapokelewi. Lililofunguka lenyewe jikoni lilikuwa ajali. La pili lingekuwa kosa lake kwa makusudi, na kama tungekuwa tumekosea, wangesema ameharibu ushahidi ili ajiokoe. Alitoka nje, akasimama kando ya mfongo. Sikumfuata. Uamuzi haukuwa wangu, na sikupenda sauti yangu iwe ndiyo aliyoitii.

Shemeji, aliyekuwa ameketi mlangoni akichambua maharage, aliniambia bila kuinua macho, "Ungemwambia afungue tu."

"Akifungua kwa sababu nimemwambia, atakuwa amebadilisha tu mtu wa kumsikiliza."

"Meku, wewe ungefaa kuwa hakimu. Mahabusu wangezeekea ndani."

Binti alirudi ndani. "Nafungua," akasema. "Tunalipashaje moto?"

"Rudisheni darini kwangu," shemeji akasema. "Bado kuna makaa."

"Asante, shemeji. Lakini safari hii nahitaji joto ninalolijua."

Tuligeuza pasi ya umeme miguu juu, tukaweka kasha juu yake pamoja na kipimajoto, tukapandisha joto kidogo kidogo. Mikono yangu hutetemeka siku hizi, hivyo yeye ndiye aliyeshika kibano. Gundi ilipolegea alikiinua kifuniko kwa pumzi moja. Tukaliacha kasha lipoe, tukaliunganisha.

Mshale ulipanda, ukatulia mahali pake.

Kisha akafanya jambo ambalo sikumwambia. Akakishusha kifuniko tena kwa kibano, polepole, hadi kikagusa kingo. Mshale ukaruka. Akakiinua, mshale ukashuka. Akarudia, akarudia tena. Shemeji alikuwa ameacha maharage na kuja kusimama nyuma yetu.

"Mae!" akasema. "Kama mtoto asiyetaka kufunikwa blanketi."

Aliyewahi kukaa kanisani anajua kinachotokea mhubiri akikisogeza kipaza sauti karibu na spika: sauti inatoka, inarudi ilikotoka, inakuzwa tena, hadi watu wanaziba masikio. Ndani ya kasha lile, hewa iliyofungiwa chini ya kifuniko cha chuma ilikuwa na sauti yake, kama chupa inavyokuwa na sauti yake ukiipuliza mdomoni. Sauti hiyo iliangukia ndani ya kasi ambazo chipu ilikuwa hodari wa kuzikuza. Kilichotoka mwisho wa chipu kilirudi mwanzo wake kupitia juu, na chipu ikawa inajisikiliza yenyewe badala ya kuusikiliza mwanga. Waliopima kwa sindano hawakuliona hilo, maana walipima bila kifuniko. Waliopima kwa kifuniko hawakuwahi kukiondoa.

Binti alikata kipande cha lile sponji jeusi, ambalo hutengenezwa kwa kaboni na hunywa mawimbi ya namna hiyo. Akakipunguza hadi kikawa chembamba, kisiguse nyuzi, akakibandika upande wa ndani wa kifuniko. Chumba kikanuka jiko la mama yake. Akafunika. Mshale haukusogea.

Alinigeukia akitaka niseme kitu. Nilimwambia aandike.

Kuandika ndiko kulikotugombanisha. Sentensi yake ya kwanza ilikuwa, "Chipu ni nzima." Nikaikataa.

"Hatujapima kasi. Tumepima mkondo. Andika ulichokiona: kifuniko kikiwekwa, mkondo hupanda kabla ya joto, kikiondolewa, hushuka. Imeonekana kwenye makasha mawili."

"Lakini sisi wawili tunajua, Baba mkubwa."

"Sisi wawili tunadhani. Tena tunadhani vizuri. Lakini walioisema chipu yako nao walidhani."

"Ukweli wako ni mwembamba mno. Nani ataupigania?"

"Mwembamba unaosimama ni bora kuliko mnene unaoegemea ukuta."

Alifuta, akaandika nilivyosema. Kisha, bila kuniuliza, akaongeza maneno yake: kwamba anaomba apime mwenyewe, kwa vyombo kamili, kifuniko kikiwa kimefungwa na kimefunguliwa, na kikiwa na sponji, kabla ya uamuzi wowote, na kwamba kosa likionekana kwenye saketi yake, atasaini siku hiyo hiyo. Mimi nisingeyaandika maneno hayo. Yalimfungia mlango wa kutokea. Niliyasoma mara mbili, nikamrudishia bila kuyagusa.

Jibu la mkuu wake lilifika kesho yake. Maabara ingekuwa na nafasi kabla ofisi haijafunguliwa, lakini ilimlazimu aondoke mara moja. Maana yake angekosa siku ya ukoo, ambayo mbuzi huchinjwa na kila mtu hupewa fungu lake la nyama kulingana na nafasi yake, na ambayo hakuwa ameihudhuria kwa miaka kadhaa.

Shemeji hakupiga kelele. Alisema tu, "Umekuja kukaa."

"Najua, Mama."

"Baba zako wadogo wameshanunua mbuzi."

"Mama, wakiamua mimi sipo, watayaamini yale ya zamani. Nikiwepo, watatazama."

Shemeji alimtazama mwanawe, kisha akanitazama mimi kwa namna ambayo ilinifanya nishughulike na miwani yangu. "Huyu umemharibu wewe," akaniambia. Akaingia ndani, akarudi na khanga mpya, akalifunga lile boksi kwa mafundo mawili. "Na huko ughaibuni," akamwambia binti, "usimpe mtu akuwekee. Shika mwenyewe."

Tulimsindikiza hadi barabarani. Siku ya ukoo, fungu lake lilihesabiwa kama yupo, na shemeji akalipokea kwa niaba yake mbele ya wazee. Hakuna aliyepinga.

Alinipigia simu mvua za masika zikiwa bado hazijaanza. Siku mbili kabla yake kulikuwa na uvumi kijijini kwamba amepandishwa cheo. Mwingine ulisema amefukuzwa kazi. Sikuujibu wowote. Aliniambia kwamba vyombo kamili vilionyesha kile ambacho mshale ulionyesha, na zaidi ya hapo: kifuniko kikiwa na utando wa kunywa mawimbi, ishara ilipita safi kwa kasi yote aliyokusudia. Kampuni ya ufungashaji imekubali kubadilisha kifuniko. Chipu inabaki kama alivyoichora, na kikundi chake kinabaki.

"Mmepima kwenye joto la juu pia?" nikamuuliza.

"Tunapima wiki ijayo."

"Basi nitangoja."

Alicheka kwa muda mrefu kiasi cha kunifanya niisogeze simu mbali na sikio. Kisha akaniomba nimweleze mama yake, kwa sababu yeye akimweleza kwa simu mama huitikia tu bila kuelewa.

Nilivuka mfongo. Shemeji alikuwa akimkatia ng'ombe majani. Nilimweleza yote kwa mpangilio, kifuniko, utando, kasi, na yeye aliendelea kukata hadi nilipofika kwenye kikundi kisichovunjwa. Hapo aliweka panga chini.

"Kwa hiyo hawamhamishi?"

"Hawamhamishi."

"Umesikia kwa nani?"

"Kwa yeye mwenyewe. Sasa hivi."

Akafuta mikono kwenye khanga, akaketi juu ya mganda wa majani. Ng'ombe akanyoosha shingo kutafuta majani kutoka chini yake. Kisha akauliza kama mtoto atakuja Pasaka. Nikamjibu kwamba hilo sikumuuliza, na kwamba simu iko mfukoni, apige amuulize.